Samaki mgeni asilete maradhi nyumbani

Ikiwa umepanga kuongeza samaki katika tangi lako mwezi huu, soma makala haya kabla hujatoa pesa mfukoni. Katika mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, kuanzia Buruburu na Donholm hadi Umoja, Komarock na Kayole, tangi la kioo lenye samaki wa rangi si kitu kigeni sebuleni. Huwekwa kando ya televisheni, watoto wakakaa mbele yake wakitazama, na mzazi akapata nafasi ya kupumzika. Mimi binafsi sina ugomvi na tangi la samaki. Ni pambo zuri, na humfunza mtoto kumjali kiumbe asiyeweza kulia wala kuomba chakula. Lakini ipo njia nzuri na njia mbaya ya kumwingiza samaki mgeni nyumbani. Njia mbaya huwaua samaki wa zamani pamoja na mgeni, na mara chache humfikisha mwenye tangi mwenyewe kwa daktari.

Huenda ukauliza, daktari wa binadamu anatafuta nini katika mambo ya samaki? Jibu ni kwamba katika maji ya matangi huishi kiini ambacho ni ndugu wa karibu wa kile cha kifua kikuu, na hukiingiza mwilini mkono wako mwenyewe. Nitafika hapo. Kwanza tuanze dukani, kwa sababu kinga huanzia pale unaponunulia.

Tazama tangi zima

Wanunuzi wengi humkazia macho samaki mmoja aliyewapendeza kwa rangi yake. Usifanye hivyo. Tazama tangi zima alimo. Ukiona mmoja aliyekufa ameelea pembeni, au mwingine anajisugua kwenye mawe kana kwamba anawashwa, ondoka bila kununua, hata kama yule unayemtaka anaonekana mzima. Wote wanaoga, wanapumua na kunywa maji yale yale.

Samaki mwenye afya huogelea akiwa amefungua mapezi yake, na chakula kikitupwa hukikimbilia. Mwulize muuzaji awalishe ukiwepo. Mwenye kubana mapezi mwilini, mwenye kupumua upesi upesi akiwa juu ya maji, mwenye madoa meupe mfano wa chembe za chumvi, mwenye vidonda au magamba yaliyosimama, mwache. Zaidi ya wote mwache yule aliyekonda ingawa anakula, au ambaye mgongo wake umepinda. Hizo ni dalili zinazoweza kuwa za kifua kikuu cha samaki.

Uliza pia samaki hao waliwasili lini. Wakiwa wamefika jana, lipa arubuni na uombe wawekwe kwa juma moja zaidi. Samaki aliyechoka kwa safari huonekana mzima siku mbili, kisha akaanguka siku ya tano, akiwa tayari yuko kwako. Muuzaji muungwana hatakasirika. Anayekasirika amekwisha kukupa jibu.

Jambo jingine ni kujua unayemnunua ni wa namna gani. Samaki wa dhahabu hupenda maji baridi na hukua akawa mkubwa kuliko kiganja cha mtu mzima, kwa hiyo bakuli la mviringo analouziwa mtoto ni gereza. Gapi na moli hutaka vuguvugu. Wale wa mawe wa Ziwa Malawi waitwao mbuna, ambao ni jamaa wa ngege wetu, hutaka maji magumu yenye madini na ni wagomvi mno. Ukiwachanganya hawa katika tangi moja, hakuna dawa itakayokusaidia.

Maji ya mfereji, ya mtungi na ya kisima

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Nairobi hutoka miteremko ya Aberdare, katika mabwawa kama Sasumua na lile la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994. Ni maji laini, yaani hayana madini mengi, na husafishwa na kutiwa klorini kabla ya kutufikia. Klorini hiyo isikuudhi. Ndiyo inayotukinga na kipindupindu na homa ya matumbo, na mtu yeyote aliyewahudumia wagonjwa wa kipindupindu hapa jijini, kama ilivyotokea mwaka 2017, hawezi kutamani iondolewe.

Kwa samaki, hata hivyo, klorini ni moto. Matamvua yake ni ngozi nyembamba sana ambayo damu hupita chini yake ikigusana karibu na maji. Klorini huyaunguza, na samaki akakosa pumzi huku maji yakiwa na hewa ya kutosha. Dawa ya kuondoa klorini huuzwa katika maduka ya samaki na hufanya kazi kwa dakika chache. Usipokuwa nayo, weka maji katika ndoo iliyo wazi kwa siku moja au mbili, ukiyakoroga mara kwa mara, na klorini ya kawaida itatoka hewani.

Hapa mgao wa maji tuliouzoea Eastlands unatusaidia kwa bahati, maana karibu kila nyumba ina mtungi au dramu ya akiba. Maji yaliyokaa humo siku mbili bila kufunikwa huwa yamepoteza klorini nyingi. Sharti dramu yenyewe iwe haijawahi kubeba sabuni, rangi wala kemikali ya kiwanda. Dramu za bluu zinazouzwa kwa bei nafuu zina historia ambayo muuzaji haisemi.

Maji ya mkokoteni ni hadithi nyingine. Leo mchuuzi amejaza mitungi yake kwenye mfereji, kesho kwenye kisima kilichochimbwa kwa mashine, na mitungi yote inafanana. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana madini mengi, hasa floridi, na katika baadhi ya visima hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Wazazi ambao watoto wao wana meno yenye mabaka ya kahawia wanaelewa ninachosema. Samaki aliyezoea maji laini akitumbukizwa ghafla katika maji ya chumvichumvi ya kisima hupata mshtuko ambao huenda ukamuua kwa saa chache. Kwa hiyo jua chanzo cha maji yako na usibadilishe chanzo siku ile ile unapoleta samaki mgeni.

Joto nalo lisisahauliwe. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai nyumba ya mawe huwa baridi kama pango. Samaki wa maji vuguvugu hutaka nyuzi 24 hadi 27. Bila kifaa cha kupasha maji joto, msimu huo si wakati wa kuwanunua.

Tangi jipya lina njaa ya bakteria

Watu wengi hununua tangi na samaki siku moja, wakarudi nyumbani kwa furaha, na baada ya siku kumi wakabaki na tangi tupu. Hulaumu muuzaji. Mara nyingi kosa ni amonia.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua kama sisi tutoavyo mkojo, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia vilevile. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria wema wanaoishi kwenye sponji ya kichujio na juu ya changarawe. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali sana na hutolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila juma. Bakteria hawa huchukua takriban wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha, na katika baridi huchukua muda mrefu zaidi.

Hatua ya nitriti humvutia daktari kwa sababu sisi pia tunaifahamu. Nitriti ikiingia katika damu ya samaki huiharibu ile sehemu inayobeba hewa, na damu hugeuka rangi ya kahawia kama chai. Jambo lilo hilo humpata mtoto mchanga aliyekorogewa maziwa kwa maji ya kisima yenye nitrati nyingi; huwa rangi ya buluu midomoni na kuhema. Samaki huyo utamwona juu ya maji akitwetatweta, ingawa pampu ya hewa inanguruma usiku na mchana.

Basi anza na samaki wawili au watatu wadogo katika tangi la lita 60, uwalishe kidogo sana, na uongeze wengine baada ya wiki kadhaa. Hata katika tangi la zamani usiongeze kumi kwa mpigo. Bakteria waliopo wanatosha kwa samaki waliopo. Vifaa vya kupimia amonia na nitriti hupatikana katika maduka ya samaki, na vyote viwili vinapaswa kusoma sifuri kabla ya mgeni kuingia.

Safari ya kwenda nyumbani

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, kwa hiyo ni vyema uende dukani na ndoo yako safi yenye kifuniko. Ikiwa muuzaji atakufungia samaki katika mfuko maalumu, uweke ndani ya kikapu penye giza, na usiusimamishe dirishani mwa matatu kwenye jua la Jogoo Road. Msongamano wa magari utakuchelewesha, na ni hapo jambo lisiloonekana linapoanza kutendeka.

Samaki ndani ya mfuko uliofungwa anapumua, akitoa kaboni dioksidi, na wakati huo huo anatoa amonia. Kaboni dioksidi ikijaa majini huyatia asidi kidogo, na katika maji ya asidi amonia nyingi hugeuka kuwa amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo. Kwa maneno mengine, uchafu mmoja unauzuia mwingine usiue. Ukiufungua mfuko, kaboni dioksidi hutoroka hewani, asidi ikapungua, na ile amoniamu ikageuka tena kuwa amonia kali huku samaki angali ndani.

Ndiyo sababu ushauri ambao umekuwa ukisikia, wa kumzoesha samaki polepole kwa saa mbili au tatu katika mfuko ulio wazi, si sahihi kwa kila safari. Ikiwa umetoka naye mjini hadi Umoja kwa muda usiozidi saa moja hivi, elea mfuko ukiwa umefungwa juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha ufungue, utie nusu kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano kwa muda wa nusu saa. Lakini ikiwa samaki ametumwa kwa basi la usiku kutoka Mombasa, amekaa na taka zake saa nyingi. Linganisha joto mfuko ukiwa umefungwa, ufungue, na umhamishe mara moja hadi katika maji safi yasiyo na klorini. Kuchelewa hapo ni kumchoma.

Katika hali zote mbili, mtoe samaki kwa kijavu na uyamwage maji ya mfuko. Usiyatie katika tangi hata kijiko kimoja. Zima taa kwa saa kadhaa, na usimlishe siku hiyo.

Karantini ya wiki nne

Sasa tumefika penye kiini cha makala haya. Samaki mgeni asiingie katika tangi la wenzake siku anapowasili. Awekwe peke yake kwa wiki nne.

Najua utasema huna nafasi wala pesa ya tangi la pili. Huhitaji tangi la pili. Ndoo kubwa au beseni la plastiki la lita 30 hadi 40 ambalo halijatumiwa kwa sabuni linatosha, likiwa na kifuniko cha wavu, pampu ndogo ya hewa, kichujio cha sponji na kipimajoto. Sponji hiyo iweke kwanza katika tangi kuu kwa wiki kadhaa ili bakteria wema waishike, kisha uihamishie katika ndoo siku mgeni anapofika. Badilisha robo ya maji kila siku mbili au tatu.

Ndoo iwe na kijavu chake na kikombe chake. Kila siku hudumia tangi kuu kwanza, karantini mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni. Muuguzi anayejua kazi yake hafanyi vinginevyo katika wadi ya wagonjwa wa kuambukiza: hatoki kwa mgonjwa wa surua akaenda moja kwa moja kwa mtoto mchanga.

Kwa nini wiki nne? Chukua mfano wa ugonjwa wa madoa meupe, ambao labda ndio unaowaua samaki wengi zaidi majumbani. Kimelea chake hujichimbia chini ya ngozi ya samaki na kula humo, na doa unaloliona ni kile kifuko chake. Kikishiba huanguka chini ya tangi, hujifunika gamba, na ndani yake hugawanyika kuwa mamia ya watoto. Hao hutoka wakiogelea kutafuta samaki, na wasipompata kwa siku moja au mbili hufa. Dawa haimgusi kimelea aliye chini ya ngozi wala aliye ndani ya gamba. Humuua yule anayeogelea tu. Kwa hiyo mtu akitia dawa siku mbili, akaona madoa yametoweka na kuacha, atashangaa baada ya siku chache yakirudi mara tatu. Anayejua jinsi mgonjwa wa kifua kikuu anavyoacha vidonge akipata nafuu, kisha akarudi hali ikiwa mbaya zaidi, hatahitaji maelezo marefu.

Mzunguko huo wote huchukua karibu juma moja maji yakiwa nyuzi 25, na katika baridi yetu ya Julai unaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Wiki nne zinatupa nafasi ya kuona mizunguko miwili ikipita. Kifua kikuu cha samaki hakionekani hata kwa muda huo kila mara, lakini minyoo, ukungu na vidonda vingi hujitokeza.

Stima ikipotea, usikurupuke. Samaki wachache katika maji mengi hustahimili saa kadhaa. Chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu mara kwa mara ili yachukue hewa, acha kuwalisha, na funika tangi kwa blanketi ikiwa ni usiku wa baridi.

Usimpe samaki dawa zako

Hili linanikera. Wapo wanaofungua vidonge vya tetrasaiklini au amoksilini vilivyobaki kabatini na kuvimwaga katika tangi kila samaki anapolegea. Kwanza, madoa meupe husababishwa na kimelea, si bakteria, na antibiotiki haimtishi. Pili, dawa hiyo huwaua wale bakteria wema wa kichujio, na amonia ikapanda, ukawa umemwongezea mgonjwa sumu. Tatu, na hili linatuhusu sote, bakteria wanaobaki hai hujifunza kuishi na dawa hiyo, kisha unayamwaga maji hayo katika sinki. Kisheria antibiotiki zinapaswa kuuzwa kwa cheti cha daktari, na samaki si kisingizio.

Kwa madoa meupe, panda joto polepole hadi nyuzi 28 kwa samaki wa maji vuguvugu, na utumie dawa iliyotengenezwa kwa ajili hiyo kwa siku zote zilizoandikwa kwenye chupa. Nyingi zina rangi ya kijani au buluu na baadhi zina formalini, ambayo ni sumu ya kuvutwa puani na kushikwa kwa mikono. Fungua madirisha na uvae glavu. Chumvi isiyo na viungo, gramu 1 hadi 3 kwa lita, huwasaidia samaki wengi wakati huu, ingawa mimea ya majini na baadhi ya kambare hawaipendi.

Kidole kisichopona

Mwaka 1926 mtaalamu aitwaye Aronson alieleza kiini alichokipata katika samaki waliokufa kwenye matangi ya maonyesho ya mji wa Philadelphia, Marekani. Kiini hicho huitwa Mycobacterium marinum, na ni wa ukoo mmoja na kile cha kifua kikuu. Mwaka 1951 kilitambuliwa nchini Uswidi katika vidonda vya ngozi vya watu waliokuwa wakiogelea katika bwawa moja. Siku hizi mabwawa hutiwa klorini vizuri zaidi, na mahali ambapo watu hukipata kwa kawaida ni katika tangi la samaki la nyumbani.

Kiini hiki hupenda joto la nyuzi 30 hadi 33, na hukua kwa shida katika nyuzi 37 za ndani ya mwili. Kwa hiyo hubaki kwenye sehemu zilizo baridi, hasa vidole, mikono na viwiko. Huingia kupitia mchubuko mdogo, pengine uliokatwa na jiwe la tangi au kuchomwa na mwiba wa pezi.

Mgonjwa wa namna hii huja hivi. Ana kivimbe chekundu au cha zambarau kwenye kidole, kisichouma sana. Kilianza wiki mbili hadi nne baada ya kusafisha tangi, na wakati mwingine miezi kadhaa, hata mwenyewe amesahau. Kikawa kidonda chenye magaga. Amenunua antibiotiki za kawaida katika duka la dawa mara mbili au tatu, bila nafuu. Kisha vivimbe vingine vikajipanga kuelekea juu mkononi kama shanga. Asipoulizwa kuhusu samaki, hasemi, kwa kuwa haoni uhusiano wowote.

Kwa hiyo, msomaji, sema mwenyewe. Ukiwa na kidonda cha mkono kisichopona kwa wiki tatu, mwambie daktari wako waziwazi kwamba unafuga samaki. Maneno hayo machache yataamua kama kipande cha ngozi kitapelekwa maabara, na kama maabara itaambiwa ikioteshe katika nyuzi 30 badala ya 37 za kawaida, ambapo huenda kisiote kabisa na jibu likarudi kuwa hakuna kitu.

Matibabu yapo. Hutumiwa dawa kama klarithromaisini, dokisisaiklini, rifampisini au ethambutoli, mara nyingi mbili kwa pamoja, kwa miezi mitatu au zaidi, na kuendelea kwa muda baada ya ngozi kupona. Ugonjwa huu hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine kwa njia ya kawaida, kwa hiyo hakuna haja ya kumtenga mtu wala kumficha. Lakini ukiachwa unaweza kuingia katika kano na viungo vya vidole, na kidole kikakakamaa.

Anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi ni mwenye kinga dhaifu: anayeishi na virusi vya HIV, hasa ikiwa hajaanza dawa, mwenye kisukari, anayetibiwa saratani au anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Kwake yeye kiini hiki kinaweza kuenea hadi mifupani. Simwambii aondoe tangi. Namwambia amwachie mtu mwingine kazi ya kulisafisha.

Kwa sisi wengine, kinga ni glavu ndefu zisizopenya maji, kutotumbukiza mkono wenye jeraha, na kunawa kwa sabuni kila baada ya kugusa maji. Na tafadhali usinyonye mpira kwa mdomo ili kuyavuta maji machafu, kama fundi wa gari anavyonyonya petroli. Maji ya tangi yanaweza kuwa na salmonela, na ukimeza utaharisha. Ujaze mpira maji safi kwanza, uzibe ncha zote kwa vidole, kisha uachilie. Maji hayo yamwage chooni au kwenye maua, yasipite katika sinki linalooshewa vyombo na mboga.

Kuna mambo mawili zaidi ya usalama nitakayoyataja upesi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 lina uzito wa zaidi ya kilo 100, na meza ya kahawa haliwezi. Mtoto anayejifunza kusimama atajishika hapo. Ndoo ya karantini nayo ifunikwe, kwa sababu mtoto mdogo huzama katika maji machache mno. Waya wa pampu na wa kifaa cha joto ulegezwe ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni badala ya kuingia penye umeme, na uchomoe kabla ya kutia mkono.

Ukiwachoka

Usiwamwage mtoni. Mto Ngong na Mto Nairobi hukutana mashariki mwa jiji na kuingia Athi, na maji hayo hufika Bahari Hindi kwa jina la Sabaki. Kenya imekwisha kuona mgeni wa majini anavyoweza kufanya. Kamba wa maji baridi kutoka Marekani aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 na akafyeka mimea ya majini, na sangara aliyetiwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 alichangia kutoweka kwa aina nyingi za samaki wadogo ambao hawakupatikana penginepo duniani. Mrudishie muuzaji, au mpe jirani mwenye tangi, ukimweleza kuhusu zile wiki nne.

Na samaki akifa, mtoe mara moja kwa kijavu, umfunge katika gazeti, umzike au umtupe katika pipa lenye kifuniko. Usimpe paka. Pima amonia na nitriti siku hiyo hiyo, na ikiwa kimojawapo hakisomi sifuri, badilisha theluthi ya maji kabla hujalala.